Wapangaji Arobaini na Watatu wa Kiwanja cha Bendi

Jumatatu ya kwanza ya Machi, mwaka wa 1996, saa tatu kasorobo asubuhi, Khalayi alikuwa akinyunyizia miche yake maji kwa kopo la mafuta ya Kimbo lililotobolewa matundu kwa msumari. Miche ilikuwa mia sita na ushei, kila mmoja ndani ya pakiti tupu ya maziwa, imepangwa kwa mistari kwenye kona ya Kiwanja cha Bendi, mtaani Kaloleni, Nairobi. Alikuwa amefika mstari wa nne wakati tarishi wa ofisi alipokuja na ndoo ya gundi, akabandika karatasi kwenye mti wa mjakaranda, akaondoka bila kusalimia.

Karatasi ilisema kiwanja kitabadilishwa matumizi. Penye nyasi patajengwa kituo cha petroli na maduka ya ghorofa tatu. Mwenye pingamizi alipewa siku kumi na nne afike ofisi ya mipango, akiwa na mchoro mmoja wa namna ambavyo angependa kiwanja kitumike. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za watu wasiopenda kusomwa, palikuwa na sharti: pingamizi litapokelewa kutoka kwa wapangaji waliosajiliwa peke yao.

Khalayi alisoma mara mbili, kisha akamaliza mistari iliyobaki, maana mche haujui kusoma, unajua kiu tu.

Kiwanja hicho kilipata jina lake zamani, wakati bendi ya wafanyakazi wa reli ilipokuwa ikipiga hapo kila Jumapili. Bendi ilipovunjika kiligeuka jaa. Mwaka wa 1984 Khalayi na wanawake kumi na mmoja walianza kuondoa taka kwa mkokoteni wa kuazima, na iliwachukua miezi mitano. Hakuna aliyewatuma wala aliyewashukuru. Sasa watoto walicheza hapo, kwaya zilifanya mazoezi, nguo zilianikwa, na mtu akifiwa, matanga yalikaliwa hapo hapo. Ukiondoa kiwanja, Kaloleni ingebaki kuta na vumbi.

Tatizo lilikuwa daftari la wapangaji, na kila mtu alilijua, ingawa hakuna aliyelitaja karibu na dirisha lililo wazi. Nyumba za mtaa huo ziliandikwa kwa majina ya wanaume waliopewa walipokuwa kazini, reli na kwingineko. Wanaume hao walikufa, kama ilivyo desturi ya binadamu, wakasafirishwa kwenda kuzikwa makwao, Bungoma, Kakamega, Kitui, Machakos. Mjane aliyepeleka cheti cha kifo ofisi ya nyumba alipewa pole, na baada ya pole akapewa notisi ya mwezi mmoja. Wawili walipofanyiwa hivyo, wengine walijifunza. Kwa mujibu wa daftari, hakuna mtu aliyekufa Kaloleni tangu mwaka wa 1971. Ulikuwa mtaa wenye afya njema kuliko yote Afrika Mashariki.

Mume wa Khalayi, Nyongesa Wakoli, fundi wa mabehewa, alikufa mwaka wa 1982 na kuzikwa karibu na Webuye. Kwa miaka kumi na minne Khalayi alikuwa akiwaambia watu wa ofisi kwamba Nyongesa amesafiri, Nyongesa amelala, Nyongesa yuko kanisani. Akipinga sasa, ataulizwa mume yuko wapi, na nyumba itakwenda. Akinyamaza, kiwanja kitakwenda. Alilala na hilo siku mbili kama mtu aliyemeza kokwa.

Jumatano alikwenda kwa Nzuki, ofisa kijana wa mipango, mtu mpole aliyevaa tai fupi na kuamini kila kilichopigwa chapa.

"Mama, mimi niko upande wenu," Nzuki alisema. "Lakini kanuni ni kanuni. Niletee wapangaji waliosajiliwa. Theluthi moja inatosha, watu arobaini na watatu."

"Wako mbali, mwanangu."

"Mbali wapi?"

"Wameenda nyumbani."

"Basi waite kwa redio. Watu wa nyumbani wote wanasikiza redio."

Akamnakilia majina kutoka kwenye daftari. Khalayi alikuwa mtu wa kufuata anachoambiwa na ofisi hadi mwisho wake. Akakunja orodha, akaenda moja kwa moja mpaka dirisha la matangazo la redio.

Karani wa dirishani alimwona mama aliyefunga kitambaa kichwani, akaona orodha ya wazee kutoka Magharibi na Ukambani, akaiweka bila kuuliza kwenye rundo la matangazo ya vifo. Kwa kawaida matangazo hayo huwaarifu walio hai kuhusu aliyekufa. Hili, kwa jinsi lilivyoandikwa, lilikwenda kinyume. Alhamisi saa saba unusu mchana, baada ya ule muziki wa huzuni, mtangazaji alisoma kwa sauti yake ya kila siku: "Tangazo hili limfikie Nyongesa Wakoli wa Webuye, Mutunga Nzivo wa Kitui, Munyoki Mbinya wa Machakos," na wengine arobaini, "popote walipo. Mnaombwa kufika Nairobi haraka iwezekanavyo kwa jambo linalohusu kiwanja."

Popote walipo ni maneno ambayo redio huyasema kila mchana bila kuyafikiria. Safari hii waliotajwa waliyasikia.

Walifika Jumamosi asubuhi. Wa Magharibi walikuja na gari la moshi, kwa pasi zao za wastaafu, na mkagua tiketi alizitoboa zote kwa kuwa hazikuwa na tarehe ya mwisho. Alieleza baadaye kwamba walikuwa abiria wazuri, hawakula miwa wala kuweka miguu kwenye viti. Wa Ukambani walikuja kwa basi.

Khalayi alikuwa mlangoni akichagua maharagwe.

"Hodi."

"Karibu, Baba Wakoli. Umefika."

"Nimefika. Gari limechelewa Nakuru."

Nyongesa alikuwa amevaa suti nyeusi aliyozikwa nayo. Ilikuwa safi mbele, lakini nyuma ilikuwa imepasuliwa kutoka ukosi hadi kiunoni.

"Koti lako limeraruka."

"Halikuraruka. Ndivyo walivyonivalisha pale mochari. Wanakata ili mikono iingie."

"Lete nishone."

Akavua koti, akakaa na shati, akanywa chai, akasema sukari imepunguzwa. Mtaa mzima, siku hiyo, cherehani zililia hadi jioni, kwa kuwa suti zote zilikuwa zimekatwa vivyo hivyo. Saa nane mchana bintiye Mitchelle, aliyekuwa akisuka watu nywele Buruburu, alipita nyumbani kula.

"Sasa, buda," alimsalimia baba yake akiweka mkoba chini.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Mitchelle. Uliniacha darasa la nne."

"Umekuwa mrefu."

"Ndio hivyo, buda. Maisha." Akageukia jikoni. "Mathe, kuna kitu kwa sufuria ama mgeni amemaliza?"

Nyumba ya pili, Mbeti alikuwa amempokea Mutunga wake, dereva wa lori na mchonga vinyago, aliyekufa miaka mitatu tu iliyopita na ambaye viatu vyake vilikuwa bado uvunguni mwa kitanda. Akavivaa.

Jumapili baada ya ibada, wote walikutana kiwanjani kutayarisha mchoro. Wanawake walikuwa na wao tayari, wameuchora nyuma ya bango la uchaguzi kwa kalamu ya Teresiah, mwalimu wa shule ya watoto wadogo aliyetembea kwa kiti cha magurudumu. Teresiah mwenyewe alikuwa amepima upana wa njia, akipita na kiti chake huku Mbeti akishika kamba. Palikuwa na uwanja wa mpira ambao wasichana wangekuwa na siku zao, bomba la maji, kamba za nguo upande wa jua, viti chini ya miti kwa wazee, mahali pa kukalia matanga, na miti mia tatu. Kona ya miche ilibaki kona ya miche.

Marehemu walikuja na viti, wakakaa mbele. Penseli aliishika Munyoki, ambaye zamani alikuwa nyapara na alikufa akiwa na miaka themanini na moja. Alichora uwanja mmoja wa mpira, jukwaa la bendi na uzio wenye lango moja. Ulikuwa ni uwanja wa mwaka wa 1950, haukukosa hata msumari.

"Na sisi?" Khalayi aliuliza.

"Nyinyi mtatazama kutoka upande wa barabara," Munyoki alisema. "Kama zamani."

"Hiyo miti itazuia kuona bendi," marehemu mwingine akaongeza.

"Bendi ipi, baba? Wapiga bendi wote mmekufa," Mbeti akasema.

"Ndiyo, na wote tuko hapa," alijibu Munyoki. Kisha akasema lililobaki: "Na ofisi inataka mchoro mmoja. Sisi ndio tulio kwenye daftari."

Lilikuwa neno la kweli na lilichoma. Khalayi aliumia. Aliumia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile hakukuwa na mtu wa kukasirikia. Alikuwa amebeba taka kwa mkono wake miezi mitano, na sasa watu waliokuwa wamelala chini ya migomba walikuja kumwonyesha pa kusimama.

Alikwenda nyumbani. Nyongesa alimfuata, akakaa kwenye kiti chenye mto, kile kimoja kizuri, na kungoja chakula. Khalayi alisimama mbele yake.

"Baba Wakoli, una miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili. Si unajua."

"Mimi nina hamsini na sita."

Nyongesa alianza kuhesabu kwa vidole. Wakati anakufa, mkewe alikuwa na miaka arobaini na miwili. Akahesabu tena kuanzia kidole gumba, akafika pale pale.

"Umenipita," alisema.

"Nimekupita. Nimesomesha watoto wako wanne nikakupita. Nimezika mama yako nikakupita. Kile kiwanja nilikikuta jaa, mimi na wenzangu, na wewe hukuwepo. Sikulaumu, ulikuwa umekufa. Lakini mtu ambaye hakuwepo hawezi kuja na penseli."

Nyongesa alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mdogo hakai mkubwa wake akiwa amesimama. Aliinuka, akapangusa mto kwa kiganja, akamsogezea mkewe kiti.

"Kaa," alisema. "Nakusikiliza."

Habari hiyo ilivuka ukuta kabla ya ugali kuiva. Nyumba baada ya nyumba wanawake waliwauliza waume zao umri, na wanaume thelathini na watano waligundua kwamba wameoa wakubwa wao. Waliinuka kwenye viti, mmoja baada ya mwingine. Waliobaki walihitaji njia nyingine. Mutunga alikuwa bado anamzidi Mbeti kwa miaka sita, lakini Mbeti alimwambia kwamba kwenye ile miche kuna hamsini ya muhugu, mti ambao mchonga vinyago humlilia Mungu aupate, na Mutunga akaweka kidole kwenye mchoro kabla hajamaliza kueleza. Munyoki ndiye aliyekuwa kisiki. Mkewe Muthoki hangeweza kumfikia kwa umri mpaka mwaka wa 2011. Hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba bila mchoro wa wanawake, koti lake, ambalo sindano ilikuwa bado haijalifikia, halitashonwa. Munyoki alivumilia mpaka machweo, mgongo ukipigwa na upepo, kisha akaomba wino.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatatu marehemu walipewa majembe, nao wakachimba mashimo mia tatu kabla ya saa sita. Walichimba vizuri mno. Walijua udongo mweusi wa Nairobi unavyoshika maji juu na kuwa mkavu chini, wakaonyesha mahali ambapo mkondo wa zamani ulipita na ambapo mti ungekunywa bila kumwagiliwa. Wanawake waliyaandika hayo yote kwenye mchoro, kwa kuwa elimu ni elimu hata ikija kwa suti ya kaburini. Kufikia jioni hakukuwa tena na mchoro wa wanawake na mchoro wa wanaume. Hata jukwaa la bendi lilipata pembe yake, dogo, mahali ambapo halimzuii mtu.

Jumanne tarehe kumi na mbili, saa mbili na dakika kumi, Nzuki alifungua mlango wa ofisi yake akakuta foleni iliyoshuka ngazi, ikavuka ua, ikatokea barabarani. Wanaume arobaini na watatu, wote na suti nyeusi, kila mmoja na kadi ya nyumba mkononi. Wake zao walisimama pembeni, maana foleni ilikuwa ya waliosajiliwa.

Nzuki alilinganisha kadi na daftari, jina kwa jina, nambari kwa nambari. Alilinganisha alama za vidole. Hakupata kosa hata moja.

"Ninyi ni mfano mwema," aliwaambia. "Mitaa mingine wapangaji hawaji kabisa."

Saa nne alifika wakili wa kampuni iliyotaka kujenga, na mkoba wa ngozi. Alitazama foleni, akanusa, akamwendea Nzuki.

"Bwana ofisa, hawa watu wamekufa."

Nzuki alifungua kitabu cha kanuni. Alisoma kifungu chote, akafungua ukurasa uliofuata kuhakikisha hakikuendelea huko. "Kinasema mpangaji aliyesajiliwa. Hakisemi zaidi."

"Lakini ni maiti! Mguse huyo!"

"Bwana wakili," Nzuki alisema, akatoa faili, "hapa nina nakala za barua mlizowaandikia mwezi uliopita, mkiwaarifu juu ya ujenzi. Zinaanza, 'Mpendwa Bwana.' Mkasema hapa chini kwamba wote wamekubali kwa kutojibu. Mliwaandikia mkijua wamekufa?"

Wakili alifungua mkoba wake, akaanza kupekua karatasi. Nyuma yake Munyoki, kwa sauti ile ile iliyowahi kusimamisha mabehewa, alisema, "Tumekuja kujibu."

Vidole arobaini na vitatu viliwekwa kwenye wino. Nzuki aliambatisha mchoro, akaupiga mhuri mara tatu mahali ambapo mara moja ingetosha, kwa sababu alikuwa na furaha. Kiwanja kiliandikwa kuwa cha umma, cha kupumzika, milele. Nje, Mbeti alipiga kigelegele cha kwanza, na kikapokelewa kutoka ua hadi barabarani mpaka wauza mahindi wakasimama. Walirudi Kaloleni kwa miguu, walio hai na waliokufa, Teresiah mbele na mchoro mapajani, na magari ya Jogoo Road yakawangoja. Mchana huo walipanda miti yote mia tatu. Khalayi alipanda wa mwisho na Nyongesa akaukanyagia udongo, na Khalayi akalia, si kwa huzuni.

Jumatano marehemu walirudi makwao. Wenye mashamba walisema mvua imekaribia.

"Kiwanja ni kizuri," Nyongesa alisema stesheni. "Na koti limekaa sawa. Asante, mama."

"Safiri salama, Baba Wakoli."

Mvua ilinyesha kweli. Kufikia mwaka uliofuata miti ilikuwa imempita mtu mzima kimo, na wageni walikuja kutoka Mowlem na Buruburu kuuliza kitu hicho kilifanyikaje. Langoni ofisi iliweka kibao kizuri cha chuma: kiwanja hiki kilipangwa na wakazi wenyewe. Chini yake yaliandikwa majina arobaini na matatu. Khalayi aliyasoma yote, kisha akasoma tena kama ana miwani mibovu. Barua ya kwanza ya kamati ya kiwanja ilipokuja, ilitumwa kwa majina hayo hayo, na ikasema asiyesajiliwa hawezi kupiga kura mkutanoni.

Hapo Khalayi alichoka. Alitoa cheti cha kifo kilichokaa chini ya godoro miaka kumi na mitano, akavaa kanzu yake ya Jumapili siku ya Alhamisi, akaenda ofisi ya nyumba kusema kweli, liwalo na liwe. Alitaka jina lake liandikwe.

Karani alisoma cheti. Alivuta daftari, alivuta na faili ya kiwanja, akaziweka pamoja.

"Mama, hapa pana utata. Cheti kinasema bwana alikufa mwaka wa 1982. Lakini tarehe kumi na mbili Machi, mwaka jana, aliweka kidole mbele ya ofisa. Wenzake arobaini na wawili ni mashahidi."

"Alikuja mara moja tu."

"Karatasi ya karibuni ndiyo tunayoifuata. Mwenye nyumba yuko hai. Siwezi kumtoa mtu aliye hai nikuandike wewe." Akamrudishia cheti kwa mikono miwili, kwa heshima. "Msalimie."

Khalayi alishuka ngazi polepole. Notisi hakupewa, nyumba ilikuwa salama, na yeye hakuwa popote. Alipofika Kiwanja cha Bendi ilikuwa saa kumi. Wasichana walikuwa na siku yao ya mpira. Wauza sukuma wiki walikuwa wamekaa kwenye viti vya wazee, kwaya ilikuwa ikirudia ubeti mmoja kwa mara ya tisa, Teresiah alikuwa akishuka njia kwa kasi na mtoto wa watu mapajani. Walikuwa kama watu mia mbili. Aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari.

Mbeti alikuwa kwenye kona ya miche, ameshika mpira wa maji.

"Wamesemaje?"

"Wamesema Baba Wakoli yuko hai."

"Na wewe?"

"Mimi hawakuniuliza."

Mbeti alicheka mpaka maji yakaenda njiani, na Khalayi naye, aliyekuja akiwa amebeba hasira nzima, akajikuta anacheka. Kisha akavua viatu vya Jumapili, akaviweka juu ya jiwe, akamnyang'anya mwenzake mpira wa maji. Mistari miwili ilikuwa bado haijanyweshwa.